Rimoti ya Gari Inapogoma: Kutafuta Chanzo Kabla ya Kununua Nyingine

Magari mengi yanayotembea katika barabara za Tanzania na Kenya yaliingia nchini yakiwa yameshatumika Japani, na sehemu kubwa ya yale ya miaka ya karibuni hufunguliwa kwa rimoti na kuwashwa kwa kitufe. Si ajabu gari la namna hiyo likashushwa bandarini likiwa na ufunguo mmoja tu. Kwa hiyo siku ufunguo huo unapogoma, mwenye gari hushikwa na wasiwasi na kuupokea ushauri wa kwanza anaopewa, ambao kwa kawaida ni kwamba rimoti imekufa na inunuliwe nyingine. Ushauri huo una gharama kubwa, na mara nyingi hutolewa kabla ya mtu yeyote kupima chochote. Makala haya yanaeleza namna ya kusoma dalili ili kujua kama tatizo liko ndani ya rimoti, liko hewani kati ya rimoti na gari, au liko ndani ya gari lenyewe.

Vitu vinne ndani ya kava moja

Rimoti ya gari la kuwasha kwa kitufe inaonekana kuwa kifaa kimoja, lakini ndani yake mna vitu vinne vinavyofanya kazi kila kimoja kwa njia yake, na kila kimoja kinaweza kuharibika huku vingine vikiwa vizima.

Cha kwanza ni kitumaji cha redio, ambacho hutuma ishara unapobonyeza kitufe cha kufunga au cha kufungua. Rimoti za magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani hutumia masafa yaliyo karibu na megahezi 315, ilhali nyingi za soko la Ulaya hutumia megahezi 433.92. Tofauti hiyo tutairudia tutakapofika kwenye ununuzi.

Cha pili ni kipokezi kidogo kinachosikiliza masafa ya chini, kati ya kilohezi 125 na 134 hivi. Unaposhika kitasa cha mlango ukiwa na rimoti mfukoni, antena iliyo ndani ya kitasa huita kwa masafa hayo, kipokezi cha rimoti huamka, na kile kitumaji cha kwanza hujibu. Wito huo hauendi mbali hata kidogo. Katika magari mengi ya Toyota unaishia kiasi cha sentimita 70 kutoka kwenye kitasa.

Cha tatu ni chipu ya imobilaiza, yaani mfumo unaoizuia injini isiwake bila ufunguo unaotambuliwa na gari. Chipu hiyo haitegemei betri ya rimoti kabisa, kwa kuwa hupata nguvu kutoka kwenye uga wa sumaku unaotolewa na koili iliyo kwenye gari, karibu na kitufe cha kuwashia au mahali pengine palipotengwa kwa kazi hiyo. Cha nne ni ufunguo wa chuma uliofichwa ndani ya kava, ambao wenye magari wengine hukaa nao miaka mingi bila kujua kwamba upo.

Viwili vya mwanzo vinahitaji betri, na viwili vya mwisho havihitaji. Ukilishika jambo hilo moja, sehemu kubwa ya utafutaji wa tatizo inakuwa imekwisha kurahisishwa, na hata betri ikiisha kabisa usiku wa manane hutalazimika kulala nje ya gari.

Kabla ya kupima: namna ya kuingia na kuwasha

Aliyekwama barabarani hana haja ya nadharia, kwa hiyo tuanze na njia ya kujinasua. Tafuta kwenye kava la rimoti kitufe kidogo au ulimi wa kuvuta, kisha uchomoe ufunguo wa chuma. Kwa kawaida tundu lake liko kwenye mlango wa dereva peke yake, na katika magari mengine limefunikwa na kifuniko cha plastiki kwenye ncha ya kitasa. Gari lenye alamu linaweza kupiga kelele likifunguliwa hivyo. Usishtuke, kwani kelele hunyamaza gari likiwaka.

Ukishaingia, hakikisha gia iko kwenye P, kanyaga breki, kisha gusisha rimoti kwenye kitufe cha kuwashia. Kwa Toyota, upande wenye nembo ndio unaogusishwa, na gari hulia mlio mfupi au kuonyesha taa ya kijani kukujulisha kwamba limeitambua chipu. Hapo una sekunde chache za kubonyeza kitufe kabla nafasi haijapita. Magari mengi ya Nissan na Subaru hufuata utaratibu unaofanana na huo. Magari kadhaa ya Ulaya yana mahali pengine: Volkswagen nyingi husoma chipu kwenye shina la usukani, na Ford kadhaa zina kijishimo maalumu karibu na kiti cha dereva. Kijitabu cha gari hueleza mahali hasa, ingawa kwa magari ya Japani kijitabu hicho mara nyingi kimeandikwa kwa Kijapani, na ni michoro tu inayosaidia.

Zoezi hili ni kipimo pia. Gari likiwaka kwa kugusisha rimoti, chipu na imobilaiza ni nzima na usajili wa ufunguo haujapotea. Anayekwambia baada ya hapo kwamba rimoti "imefutika" na inahitaji kusajiliwa upya anakuuzia kazi usiyoihitaji.

Dalili: hakuna kinachoitikia, si vitufe wala kitasa

Mtu anapobonyeza rimoti na gari likanyamaza, mawazo yote huenda kwenye rimoti. Ni busara kuanza upande wa pili, yaani kwenye betri kubwa ya gari, kwa sababu kipokezi, antena za vitasa na mota za loki zote zinaitegemea. Fungua mlango kwa ufunguo wa chuma uangalie taa ya ndani. Isipowaka, au ikiwaka kwa ufifi, au dashibodi ikipepesa huku ukisikia mlio wa tiki-tiki unapobonyeza kitufe cha kuwashia, rimoti haina kosa. Betri ya volti 12 iliyojaa na kupumzika husoma volti 12.6 hivi. Ikisoma chini ya 12, imeisha. Ibusti au uichaji kwanza, kisha ujaribu rimoti tena.

Wenye Toyota Prius wanapaswa kulijua hili mapema, maana betri yake ya volti 12 iko nyuma, kwenye buti, na mlango wa buti hufunguliwa kwa umeme wa betri hiyohiyo. Katika matoleo ya pili na ya tatu ya gari hilo kuna ncha ya kubustia chini ya boneti, ndani ya kisanduku cha fyuzi, iliyowekwa kwa ajili ya hali kama hiyo.

Taa ya ndani ikiwa inang'aa vizuri, sasa geukia betri ya rimoti. Kwa matumizi ya kawaida betri hiyo hudumu kati ya mwaka mmoja na miwili, na gari lililokaa yadi, likasafiri baharini na kusubiri bandarini linaweza kukufikia likiwa na betri ya rimoti ambayo umri wake haujulikani. Kutundika ufunguo ukutani karibu na mahali gari linapolala nako huimaliza mapema. Ufunguo ulio ndani ya mita mbili kutoka kwenye gari huendelea kuitana nalo usiku kucha, na betri za pande zote mbili huliwa. Kuuweka juu ya televisheni, kando ya kompyuta au karibu na chaja ya simu kuna madhara ya aina hiyohiyo.

Kubadilisha betri bila kuharibu kilichokuwa kizima

Sehemu hii inastahili uangalifu kuliko inavyodhaniwa, kwa sababu rimoti nyingi zinazopelekwa kwa mafundi zikiwa zimekufa huwa zimeharibiwa wakati wa kubadilishiwa betri.

Chomoa kwanza ufunguo wa chuma, kwani ufa wa kufungulia kava mara nyingi umejificha pale ulipokuwa. Chukua bisibisi nyembamba, ivalishe kitambaa kwenye ncha, iingize kwenye ufa huo na uizungushe polepole mpaka kava liachie. Usichokonoe pembeni mwa kava mahali pengi pengi, kwa kuwa vishikizo vya plastiki vikikatika, kava halitafunga tena sawasawa, na vumbi na unyevu vitapata njia. Kabla hujaitoa betri ya zamani, tazama upande wenye alama ya kujumlisha umeelekea wapi. Ni jambo dogo, lakini betri iliyogeuzwa ni miongoni mwa sababu zinazoongoza za rimoti "kufa" baada ya kuwekewa betri mpya.

Nambari iliyochorwa kwenye betri ina maana. CR2032 ina kipenyo cha milimita 20 na unene wa milimita 3.2; CR2025 ina kipenyo hichohicho lakini unene wa milimita 2.5, CR1632 ina kipenyo cha milimita 16 na unene wa milimita 3.2. Zote ni za volti 3, na hapo ndipo muuzaji anapopata hoja ya kukuambia kwamba ni sawa tu. Si sawa. CR2025 ikiwekwa mahali pa CR2032 itaingia, na rimoti itafanya kazi mezani, lakini ile tofauti ya milimita 0.7 itaifanya betri icheze, na siku rimoti itakapodondoka au kutikisika mfukoni, mguso utakatika. Wengine huziba nafasi hiyo kwa karatasi ya sigara. Hudumu siku chache, kisha karatasi husogea na kugusa mahali isipotakiwa.

Betri mpya inunuliwe ikiwa ndani ya pakiti yake iliyofungwa, tena yenye tarehe inayosomeka. Zile zinazouzwa moja moja kutoka kwenye kikopo zimegongana zenyewe kwa zenyewe na huenda zimepoteza nguvu kabla hazijanunuliwa. Ukiwa na multimita, betri nzima husoma volti 3.2 hivi, na inayosoma chini ya 2.8 haifai kwa rimoti hata kama bado inaendesha saa ya ukutani. Hata hivyo kipimo hicho kinaweza kudanganya. Betri iliyozeeka inaweza kusoma 2.9 ikiwa imetulia, kisha ikaanguka pale kitufe kinapobonyezwa na kitumaji kuhitaji umeme wa ghafla. Ikiwezekana, pima huku kitufe kimebonyezwa.

Baadhi ya watengenezaji hupaka betri hizi kitu kichungu ili mtoto akiweka mdomoni aiteme, na utando huo unaweza kuzuia mguso katika vifaa vingine. Futa betri kwa pamba yenye spiriti, uishike kwa ukingo wake, na kama bado rimoti haiitikii, jaribu betri isiyopakwa. Ile ya zamani usiiache mezani. Mtoto akimeza betri ya namna hii inaweza kuunguza koo la chakula ndani ya saa mbili, na aliyeimeza hupelekwa hospitali mara moja bila kusubiri dalili.

Mwisho kabisa, tazama vile vibati vinavyoigusa betri. Vikiwa vimelala, viinue kidogo kwa ncha ya pini. Vikiwa na weusi au ukoko wa kijani, visugue polepole kwa kifutio cha penseli, kisha uvipanguse kwa spiriti.

Imani kwamba kila betri ikibadilishwa lazima rimoti isajiliwe upya haina msingi kwa magari mengi ya Japani ya kuwasha kwa kitufe. Usajili umehifadhiwa katika kumbukumbu isiyohitaji betri. Zipo rimoti za zamani za aina nyingine zinazohitaji kuoanishwa tena, lakini kazi hiyo mara nyingi ni ya kuingiza ufunguo, kufungua swichi na kubonyeza kitufe, kama kijitabu kinavyoelekeza.

Dalili: inafanya kazi karibu tu, au leo inakubali na kesho inakataa

Umbali unaopungua hatua kwa hatua, wiki baada ya wiki, ni betri inayoisha. Umbali unaopungua mahali fulani tu, kwa mfano kila unapoegesha karibu na mnara wa simu, kituo cha kusambaza umeme au mitambo ya redio, ni mwingiliano wa mawimbi, na hakuna betri wala rimoti mpya itakayouondoa. Sogeza gari mita chache, au shika rimoti karibu kabisa na kitasa.

Mwingiliano unaosumbua zaidi ni ule tunaoufunga wenyewe ndani ya gari. Chaja ya bei nafuu iliyochomekwa kwenye tundu la kiberiti, kamera ya dashibodi, taa za LED zilizoongezwa, na kifaa cha kufuatilia gari kilichofungwa na fundi asiyejali mahali pa kupitishia waya, vyote vinaweza kutoa kelele za redio zinazomeza ishara dhaifu ya rimoti. Chomoa kila kilichoongezwa, kimoja kimoja, huku ukijaribu rimoti kila mara. Tinti yenye metali kwenye vioo nayo huathiri antena za gari, na watengenezaji wametahadharisha waziwazi. Kubeba rimoti mfuko mmoja na simu, au pamoja na sarafu na funguo nyingi za chuma, kunatosha kuizuia isiusikie wito wa kitasa.

Kuna namna nyingine ya kuzuiwa ambayo si bahati mbaya. Nchini Afrika Kusini unajulikana sana wizi wa kuziba ishara ya rimoti katika maegesho. Mwenye gari hubonyeza kitufe akiondoka, mwizi aliye karibu anatuma mawimbi yanayofunika ishara hiyo, na mlango unabaki wazi. Dalili yake ni rimoti kukataa kufunga mahali ambapo jana ilifunga. Kinga yake ni kuvuta kitasa kwa mkono kabla ya kuondoka, hata kama umesikia mlio.

Ikiwa rimoti inakubali pale tu unapoiminya kava kwa vidole, mawimbi hayahusiki. Ama vibati vya betri ni legevu, ama lehemu inayoshikilia kishikio cha betri kwenye sakiti imepasuka. Itazame kwa kioo cha kukuzia. Lehemu iliyopasuka huonyesha pete nyembamba nyeusi kuzunguka mguu wa kipande, na fundi wa simu mwenye mkono mwepesi anaweza kuirudishia kwa dakika chache. Kitufe kimoja kikikataa na kingine kikikubali, kilichochoka ni kiswichi kilicho chini yake, ambacho nacho hubadilishwa kwa lehemu bila kugusa kitu kingine chochote.

Hapa niseme neno kuhusu kipimo cha kamera ya simu. Wengi hushauri rimoti ielekezwe kwenye kamera ili kuona kama inatoa mwanga. Kipimo hicho ni cha rimoti ya televisheni, inayotumia mwanga usioonekana kwa macho. Rimoti nyingi za magari hutumia redio, na kamera haitaonyesha lolote hata zikiwa nzima. Kile kijitaa chekundu cha kwenye rimoti nacho kikiwaka kinathibitisha kwamba kitufe na betri vina uhai fulani, basi. Hakithibitishi kwamba ishara inatoka. Fundi funguo mwenye kipima masafa ndiye anayeweza kulithibitisha hilo, tena hapo hapo kaunta.

Dalili: vitufe vinakubali lakini kitasa hakijali, au kinyume chake

Vitufe vikifungua milango yote, betri ya rimoti, kitumaji chake na kipokezi cha gari vimejithibitisha. Kilichobaki ni ule wito wa masafa ya chini. Kwanza hakikisha huduma hiyo haijazimwa, kwa kuwa katika magari mengi inaweza kuzimwa kwenye mipangilio. Rimoti za Toyota za miaka ya karibuni zina pia hali ya kuokoa betri, ambamo kipokezi hulala kabisa. Huingiwa kwa kushikilia kitufe cha kufunga huku ukibonyeza cha kufungua mara mbili, na kijitaa hupepesa mara nne. Mtoto aliyechezea rimoti anaweza kuifikia hali hiyo bila kujua. Kubonyeza kitufe chochote huiamsha.

Gari lililokaa bila kuguswa nalo hupunguza usikivu ili lisimalize betri yake. Katika Toyota nyingi, baada ya siku 14 kitasa cha dereva peke yake ndicho kinachoitikia. Aliyerudi safari akashika kitasa cha abiria na kukuta kimya hana hitilafu yoyote. Azunguke tu upande wa dereva.

Kitasa kimoja kikikataa na vingine vikikubali, tatizo liko kwenye kitasa hicho. Nissan nyingi hutumia kitufe cheusi cha mpira kwenye kitasa, na mpira huo hupasuka kwa jua, maji yakaingia, kiswichi kikaota kutu. Toyota nyingi hutumia sehemu inayohisi mguso wa mkono, ambayo hulegalega ikiwa na tope au barafu. Maji mengi juu ya kitasa cha aina hiyo, rimoti ikiwa karibu, yanaweza kulifanya gari lifunge na kufungua lenyewe. Ndiyo sababu inashauriwa anayeosha gari aiweke rimoti mita mbili au zaidi kutoka lilipo.

Kinyume chake, kitasa kikikubali na vitufe vyote vikikataa, rimoti inajibu wito vizuri, kwa hiyo betri na kitumaji viko hai. Tazama viswichi vya vitufe na mpira ulio juu yake.

Mlango mmoja ukibaki umefungwa wakati mingine yote inafunguka, weka rimoti kando kabisa. Sikiliza ndani ya mlango huo. Mota ya sentro loki inayolia kwa unyonge, au isiyolia, au waya uliokatika kwenye mpira unaounganisha mlango na bodi, ndiyo majibu ya kawaida.

Dalili: milango inafunguka, injini haiwaki

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Kwa gari la kuwasha kwa kitufe, kanyaga breki na umwombe mtu asimame nyuma atazame taa za breki. Isipowaka hata moja, huenda gari halijui kwamba umekanyaga, ama kwa sababu swichi ya breki imekufa, ama fyuzi yake imeungua. Kitufe kitawasha redio na dashibodi lakini hakitaizungusha injini. Swichi hiyo ni kipande kidogo kilicho juu ya pedali na bei yake haifikii hata kidogo ile ya rimoti. Taa za breki zikiwaka, jaribu kuhamisha gia kutoka P kwenda N, kisha ugusishe rimoti kwenye kitufe kama ilivyoelezwa mwanzoni. Usukani uliojibana nao huzuia kuwaka katika magari yenye loki ya usukani ya umeme. Uchezeshe kulia na kushoto huku ukibonyeza kitufe.

Kwa gari la zamani kidogo, lenye ufunguo wa kuzungusha na vitufe kwenye kichwa chake, kuna kisa kinachojirudia. Kava limechakaa, mwenye gari ananunua kava jipya na kuhamisha sakiti na betri. Milango inafunguka vizuri, lakini injini inazunguka bila kushika, au inashika sekunde moja na kuzimika, huku taa ya imobilaiza ikipepesa. Kilichosahaulika ni kipande kidogo cheusi mfano wa punje ya mchele iliyonenepa, kilichokuwa kimejibana kwenye pembe ya kava la zamani bila waya wowote. Hicho ndicho chipu. Litafute kava la zamani hata kama limeshatupwa, kwa maana chipu hiyo ndiyo inayoutambulisha ufunguo kwa gari lake.

Ikiwa gari lina alamu ya kufungwa baadaye au kifaa cha kukata umeme wa pampu ya mafuta, kijumuishe kwenye watuhumiwa. Vifaa hivyo hufungwa kwa kukata waya za gari, na kiungio kilichozungushiwa selotepu chini ya dashibodi hulegea kabla ya rimoti ya kiwandani kuchoka.

Dalili: gari linakataa kufunga

Mara nyingi gari linapokataa kufunga huwa linakulinda. Litakataa kama mlango mmoja haujabana, kama gia haiko kwenye P, kama umeme haujazimwa kabisa, au kama limehisi ufunguo wa pili umeachwa ndani. Ufunguo wa akiba ulio kwenye mkoba katika kiti cha nyuma unatosha kabisa kuleta mkanganyiko huo.

Rimoti iliyolowa

Iliyoingia kwenye maji au kufuliwa na suruali itolewe betri mara moja, bila kubonyezwa ili "kuona kama inafanya kazi", kwa kuwa kinachoharibu sakiti kwa haraka ni umeme unaopita ndani ya unyevu. Iliyoanguka baharini, Tanga, Mombasa au Unguja, isikaushwe hivyo ilivyo. Chumvi itabaki na kuendelea kula njia za shaba. Isuuze sakiti kwa maji yaliyotoneshwa, yale yanayouzwa kwa ajili ya betri za magari, hakikisha tu si asidi, kisha uipitishie spiriti kwa brashi laini na kuiacha kivulini siku nzima au mbili. Kuizika kwenye mchele hakuongezi chochote isipokuwa vumbi la wanga.

Ikibidi kununua

Ukishathibitisha kwamba rimoti ndiyo mbovu, yaani gari lina betri nzima, betri mpya ya rimoti haikusaidia, kipima masafa hakioni ishara na kulehemu kumeshindikana, nunua kwa kufuata nambari iliyoandikwa kwenye sakiti, si kwa kufananisha kava. Makava mawili yanayolingana kwa kila kitu, hata nembo, yanaweza kuwa na sakiti mbili tofauti, moja ya megahezi 315 na nyingine ya 433.92, na hakuna fundi atakayeisajili ya Ulaya ikaongea na gari la Japani ambalo kipokezi chake kiko kwenye masafa mengine. Anayetafuta kwenye maduka ya vipuri ya Kariakoo, Dar es Salaam, au Kirinyaga Road, Nairobi, aende na rimoti yake ya zamani mkononi, ikiwa imefunguliwa.

Rimoti iliyotumika kwenye gari jingine ina kizuizi chake. Katika Toyota nyingi, chipu ikishasajiliwa kwenye gari moja hujifunga, na haikubali gari la pili mpaka ifunguliwe kwa kifaa maalumu. Muulize muuzaji kama imeshafunguliwa, na malipo yakamilike baada ya usajili kukubali.

Usajili wenyewe hufanywa kwa kompyuta inayochomekwa kwenye tundu lililo chini ya usukani, na huwa rahisi kama bado una ufunguo mmoja unaotambuliwa na gari. Ukipoteza wote, fundi hulazimika kuirejesha imobilaiza mwanzo, kazi ndefu na ghali zaidi. Kwa hiyo aliyenunua gari likiwa na ufunguo mmoja atengeneze wa pili huku wa kwanza ungali mzima. Kazi ikimalizika, kabla hujalipa, jaribu mwenyewe vitufe kutoka mbali, kitasa kila mlango ukiwa na rimoti mfukoni, kuwasha kwa kugusisha baada ya kuitoa betri, na ufunguo wa chuma kwenye tundu la mlango, kwani mara nyingi rimoti mpya huja na chuma kisichochongwa. Mwombe pia fundi akuonyeshe kwenye kioo cha kompyuta yake ni funguo ngapi zilizosajiliwa. Ikionekana idadi inayozidi zile ulizonazo mkononi, azifute zote na kusajili upya zile zako tu.